Usafi wa Nyumba na Haki ya Jirani

Hapana mtu asiyependa nyumba safi. Tajiri huipenda katika jumba lake, na maskini huipenda katika chumba chake kimoja. Mgeni akipokewa katika nyumba iliyofagiwa, yenye vyombo vilivyosuguliwa na mashuka yaliyofuliwa, moyo wake hutulia hata kabla ya kupewa maji ya kunywa. Kwa sababu hiyo usafi husifiwa na wazee wa kila kabila, na watoto hufundishwa tangu wanapoweza kushika ufagio. Basi, msomaji, huenda ukashangaa kuona jambo lililokubaliwa na watu wote likifanywa swali. Lakini swali limo ndani yake, na swali lenyewe si dogo: Je, nyumba yaweza kuitwa safi ikiwa uchafu wake umepelekwa kwa mtu mwingine?

Natufikiri kwanza uchafu ni kitu gani. Chai katika kikombe ni kinywaji. Ikimwagika juu ya kitambaa cha meza ni doa. Udongo shambani ni utajiri. Juu ya kitanda ni uchafu. Ganda la ndizi lilikuwa vazi la ndizi asubuhi, na jioni limekuwa takataka mlangoni. Kwa hiyo uchafu mara nyingi si kitu kibaya kwa asili yake, bali ni kitu kilichokosa mahali pake. Ikiwa maneno haya ni kweli, linafuata jambo jingine ambalo watu wengi hawalifikiri. Ufagio hauui uchafu, huuhamisha tu. Maji hayaui uchafu. Huubeba na kwenda nao. Hata moto, ambao twadhani humaliza kila kitu, hugeuza sehemu moja kuwa jivu na sehemu nyingine kuwa moshi, na moshi huo huingia katika mapafu ya watu. Tunaposafisha tunahamisha, na kila mwenye kuhamisha kitu hana budi kuulizwa amekipeleka wapi.

Atatokea mtu akaseme, "Pilipili usiyoila yakuwashiani? Uchafu ukiisha kutoka mlangoni pangu, haunihusu tena." Methali hiyo ni njema inapomkataza mtu kujitia katika mambo yasiyo yake. Lakini hapa imewekwa mahali pasipo pake. Pilipili ya shamba la mwingine haituwashi, ni kweli. Ila hii ni pilipili yetu wenyewe, tuliyoitwanga kwa mikono yetu, kisha tukairusha katika macho ya mwenzetu. Hatuwezi kumwambia anayelia kwamba machozi yake hayatuhusu.

Tazama historia ya jiji la London. Katikati ya karne ya 19 mto Thames ulikuwa ukipokea kinyesi na maji machafu ya wakazi zaidi ya milioni mbili. Katika joto la mwaka 1858 uvundo wa mto ulizidi, hata wabunge, ambao jumba lao limejengwa ukingoni, wakashindwa kukaa kwa raha. Ndipo walipokubali kwa haraka gharama waliyokuwa wakiiahirisha miaka mingi. Mhandisi Joseph Bazalgette alijenga mifereji mikubwa chini ya ardhi, ikapeleka uchafu mashariki ya jiji. Kazi hiyo iliokoa maisha ya watu wengi. Kipindupindu kilipozuka tena mwaka 1866, kiliua zaidi katika mitaa ya mashariki ambayo mifereji yake ilikuwa haijakamilika. Hapana mtu wa haki atakayeidharau kazi kama hiyo. Lakini uchafu wenyewe ulikuwa bado hai. Ulimwagwa mtoni vivyo hivyo, upande wa chini, karibu na pua za watu wengine. Baada ya malalamiko mengi, tope lake likaanza mwaka 1887 kupakiwa merikebuni na kutupwa baharini, na desturi hiyo haikukomeshwa mpaka mwaka 1998. Kwa zaidi ya miaka mia moja uchafu ulifukuzwa kutoka jikoni hadi mtoni, na kutoka mtoni hadi baharini, na kila mahali ulipofika ulimkuta mwenyeji.

Wala hatuna haja ya kusafiri mbali kutafuta mfano. Mto Nairobi huanzia katika kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu. Hupita katikati ya jiji kuu letu, ukaingia mto Athi. Athi nao ukiteremka kuelekea pwani huitwa Galana, kisha Sabaki, na mwisho huingia Bahari ya Hindi kaskazini kidogo ya Malindi. Mtu anayemwaga ndoo ya uchafu mtoni mjini Nairobi hudhani ameutupa, kumbe ameupa safari. Njiani yuko mama anayechota maji ya kunyweshea ng'ombe, yuko mkulima anayemwagilia mboga zake, na mwisho wa njia yuko mvuvi wa Malindi anayetandaza wavu wake. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekula katika sufuria ile, lakini wote wamegawiwa masazo yake.

Takataka ngumu nazo zina safari yao. Tangu miaka ya 1970 sehemu kubwa ya taka za Nairobi imekuwa ikipelekwa jaa la Dandora, mashariki ya jiji. Mwaka 2001 jaa hilo lilitangazwa kwamba limejaa, lakini magari yaliendelea kumimina huko miaka mingi baadaye. Uchunguzi wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa uliotangazwa mwaka 2007 uliwapima watoto na vijana 328 wa karibu na jaa. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kwa kiasi kilichofikia au kupita kiwango kilichokubaliwa wakati ule. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na madhara yake hayaondoki kwa dawa. Ndugu msomaji, tafakari jambo hili. Katika mtaa mmoja mtoto anacheza juu ya sakafu inayong'aa; katika mtaa mwingine, ndani ya jiji hilo hilo, mwenzake wa umri ule ule anavuta hewa ya vitu vilivyotolewa katika nyumba ya yule wa kwanza. Je, tuseme nyumba ile ni safi? Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nyumba ya namna hii nayo ina uzuri wa mkakasi.

Tena iko hatari nyingine, nayo ni kuacha kuchukia uchafu na kuanza kumchukia mtu. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, alitumwa kuchunguza hali ya miji ya Afrika ya Mashariki, naye akashauri kwamba mitaa igawanywe kwa rangi za watu. Hoja yake ilikuwa afya. Miji ikagawanywa hivyo, na mitaa ya Wazungu ikapata maji, mifereji na nafasi kwa kiasi ambacho mitaa ya Waafrika haikupata. Kisha Mwafrika aliyenyimwa bomba akalaumiwa kwa kuwa hajafua. Siku hizo za ukoloni zimepita, lakini kishawishi chake hakikupita nazo. Hata leo yuko mtu anayepita pembeni mwa kijiji cha mabanda akashika pua, akasema, "Watu hawa ni wachafu," bila kujiuliza kama bomba linafika pale, wala kama yeye mwenyewe si mmoja wa waliokipelekea kijiji kile takataka zake. Anayekusanya chupa na vyuma katika jaa apate kula anafanya kazi ambayo sisi tuliikimbia. Anastahili salamu na heshima yetu.

Naam, na ndani ya nyumba yenyewe liko swali hilo hilo. Kazi ya usafi hubebwa na nani? Kijana wa kiume hula, akaacha sahani mezani, akaenda zake kusoma kitabu cha uadilifu. Dada yake, ambaye naye ana mtihani kesho, huinama juu ya karai la vyombo. Baba huvua viatu vyenye tope katikati ya chumba, na msichana wa kazi hupiga magoti kupangusa. Hapo tena uchafu haukupotea, bali umehama kutoka kwa mwenye nguvu ukaenda kwa asiyeweza kukataa. Moshi wa jikoni vilevile humpata zaidi mpishi na mtoto aliyebebwa mgongoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, itokayo hasa katika moto wa kupikia, ilisababisha vifo vya watu milioni 3.2 ulimwenguni. Chakula huliwa na nyumba nzima, lakini moshi wake humezwa na wachache.

Basi yatupasa kufanya nini? Sisemi kwamba tuache kufagia kwa kuogopa kuhamisha vumbi. Nasema kwamba usafi wa kweli una wajibu wa namna tatu. Wa kwanza ni kupunguza uchafu kabla haujazaliwa. Wa pili ni kuugeuza kitu cha manufaa pale unapowezekana kugeuzwa. Wa tatu ni kuubeba kwa haki ule uliobaki, pasipo kumtwisha mtu asiye na kosa. Wajibu huu hauhitaji mali nyingi. Wahitaji macho, mikono na mazoea.

Tuanze na jikoni, maana ndiko taka nyingi zinakotoka. Katika nyumba zetu za Kenya, zaidi ya nusu ya taka ni vitu viozavyo: maganda ya viazi na ndizi, mabua ya sukuma wiki, majani ya chai, masazo ya ugali. Vitu hivi vikitiwa katika mfuko mmoja na chupa na plastiki huwa uvundo. Vikitengwa huwa mboji. Ukiwa na kipande cha ardhi, chimba shimo lenye upana wa mita moja na kina cha nusu mita. Weka tabaka la maganda, juu yake tabaka la majani makavu, kisha udongo kidogo. Lundo na liwe na unyevu kama wa kitambaa kilichokamuliwa, lisiwe bichi la kuchuruzika. Baada ya kila majuma mawili lipindue, ili hewa ipenye. Maana lundo lenye hewa halinuki, na lililokosa hewa hunuka. Usitie nyama wala mafuta, kwa kuwa huita panya na mbwa. Kwa kadiri ya miezi mitatu utakuta udongo mweusi wenye harufu ya msitu baada ya mvua, na mchicha utakaootea hapo utakupa jibu la swali letu vizuri kuliko insha hii. Kama unakaa ghorofani na huna ardhi, tenga maganda katika ndoo yenye kifuniko, umpe jirani mwenye mbuzi au mwenye bustani. Hicho kilichokuwa uchafu kwako kitakuwa zawadi kwake, na tofauti yake ni mpango tu.

Katika kuosha vyombo, wazee wetu walitumia jivu na mchanga laini kusugulia masizi. Watu wengine husema hiyo ni dalili ya ufukara, lakini elimu ya kemia yawatetea wazee. Jivu la kuni lina alikali, na alikali ikikutana na mafuta ya chakula hugeuza sehemu ya mafuta hayo kuwa namna ya sabuni. Magadi yana nguvu ya jinsi hiyo hiyo, nayo huchimbwa katika nchi yetu wenyewe, katika Ziwa Magadi. Kijiko kimoja cha magadi katika maji ya moto hulainisha mafuta yaliyoganda. Angalia tu usiloweke sufuria ya alumini ndani yake, kwa maana alikali huila alumini. Kipande cha ndimu na chumvi huondoa kutu, na maji ya ndimu yaliyochemshwa ndani ya birika huondoa magamba meupe ya chokaa. Gazeti kuukuu lililoloweshwa kwa maji yenye siki kidogo hung'arisha kioo. Vitu hivi ni vya bei ndogo, na vikisha kutumika haviachi sumu katika mfereji.

Dawa kali za dukani zina kazi yake, hasa nyumba inapokuwa na mgonjwa, na sikushauri uziogope kama uchawi. Lakini zitumie kwa kipimo na kwa akili. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe iliyotengenezwa kwa klorini kamwe usiichanganye na siki, wala ndimu, wala dawa ya chooni yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumiwa kuua askari karibu na mji wa Ypres, nchini Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Usiichanganye na amonia pia, kwa kuwa huzaa gesi nyingine yenye kudhuru mapafu. Mtu anayedhani kwamba dawa mbili zikiunganishwa husafisha mara mbili aweza kuanguka chini kabla sakafu haijakauka. Wingi wa dawa si wingi wa usafi.

Wadudu nao wana somo la kutufundisha. Mende hapendi nyumba kwa sababu ya ubaya wa moyo; hupenda makombo na majimaji. Ukifunika chakula, ukakausha karai usiku na kuziba nyufa, utakuwa umemnyima riziki, na riziki ikikosekana atahama bila ya wewe kupuliza sumu juu ya meza mnayolia. Mbu naye hutaga mayai katika maji yaliyotuama, hata yale ya kopo la rangi lililosahauliwa nyuma ya nyumba, na kwa kawaida huhitaji kadiri ya juma moja au mawili kuwa mkamilifu. Kwa hiyo anayemwaga maji ya makopo kila juma huvunja ukoo wa mbu kabla haujakomaa. Wala usiseme kwamba kopo ni lako na kiwanja ni chako. Mbu aliyezaliwa katika kopo lako haulizi mpaka uko wapi anapokwenda kumuuma mtoto wa jirani.

Juu ya moto na nishati, fanya haya. Loweka maharagwe na mahindi usiku kucha, yataiva kwa kuni chache. Funika sufuria, maana mvuke unaotoka ni moto unaopotea. Tumia kuni kavu, kwa sababu kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto haba. Jiko la makaa lenye udongo wa kufinyanga ndani ya bati, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, hutumia makaa machache kuliko jiko la bati tupu. Anayelinunua huhifadhi fedha zake na miti ya nchi kwa mara moja. Lakini jiko la makaa lolote lisiingizwe chumbani wakati wa kulala, hata katika baridi ya Julai. Makaa yanayowaka hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Imebaki habari ya vitu visivyooza. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa madukani, na adhabu zilizowekwa zilikuwa nzito. Wengi walinung'unika siku zile, wakasema biashara itakufa. Biashara haikufa, na kiondo na kikapu, ambavyo bibi zetu hawakuviacha, vikarudi sokoni kwa heshima. Jambo hili latuonyesha kwamba njia nyepesi ya kushinda uchafu ni kutouumba. Chupa na makopo yanayobaki yatenge, yasafishe, umpe mkusanyaji yakiwa makavu. Kwa kufanya hivyo utamwepusha kutia mikono yake katika uozo. Vipande vya kioo vifunge katika karatasi ngumu, visimkate atakayevipokea. Usichome plastiki uani. Moshi wake una sumu, na upepo haubagui madirisha.

Sasa zisikilizwe hoja za wapinzani. Wa kwanza husema, "Haya ni mambo ya matajiri." Nami namjibu kwamba maskini ndiye anayetupa kidogo zaidi, na ndiye anayekaa karibu zaidi na yaliyotupwa na wengine. Jivu, shimo la mboji na kopo lililomwagwa havina bei. Kibuyu chirizi, yaani kibuyu au galani yenye tundu iliyotungikwa mtini kwa kamba, humwezesha mtu kunawa kwa maji kidogo sana pasipo kugusa bomba. Fundisho hili halimlemei maskini. Hulemea zaidi yule anayenunua vingi na kutupa vingi.

Wa pili husema, "Nyumba moja ni nini? Hata nikitenga taka zangu, mto utabaki mchafu." Hoja hii ina uzito, wala sitaki kukudanganya. Nyumba moja haiwezi kuosha mto Nairobi. Kazi ya kujenga mifereji, ya kuzoa taka na kuzitunza kwa usalama ni ya serikali na kaunti, na raia mwema hutimiza wajibu wake kwa ufagio na kwa kura pia. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Na sheria ya mwaka 2022 juu ya taka inataka taka viozavyo vitengwe na visivyooza. Ni haki yako kudai mambo hayo. Lakini anayedai haki ya mazingira safi, huku akimwagia jirani maji machafu, ana kinywa kimoja cha kudai na mkono mwingine wa kunyang'anya. Tena matendo madogo hayabaki madogo sikuzote. Tarehe 5 Juni 1977 Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba katika bustani ya Kamukunji, Nairobi. Kazi iliyoanza kwa miti saba ilienea mikononi mwa wanawake wa vijiji vingi mpaka miti ikahesabiwa kwa makumi ya mamilioni, na mwaka 2004 Maathai akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Walakini, hata kama miti ile ingalibaki saba, kuipanda kungalikuwa kwema. Hatutendi haki kwa sababu tuna hakika ya ushindi. Twaitenda kwa sababu ni deni.

Wa tatu husema, "Nimemlipa mzoa taka, deni langu limekwisha." Malipo ni mema, na mzoa taka hana budi kulipwa ujira wa haki. Lakini fedha hununua kazi ya mtu, haiununui wajibu wako. Ukimlipa mtu abebe mzigo wako, bado yakupasa kujua anautua wapi. Ikiwa anautua ukingoni mwa mto usiku, basi wewe na yeye mmeutua pamoja.

Kijana, utakapoondoka shuleni utakuwa na nyumba yako. Huenda ikawa kubwa au ndogo. Hilo halijulikani bado. Lakini liko jambo unaloweza kuamua leo, tena kabla ya kupata kodi ya mwezi wa kwanza. Amua kwamba sahani uliyolia utaiosha mwenyewe. Amua kwamba kila unaposhika ufagio utatazama mbele yake, uone unakosukuma vumbi, na kama yuko mtu amesimama huko. Pima usafi wa nyumba yako kwa sakafu, lakini usiishie hapo. Toka nje, zunguka nyuma, fuata mfereji mpaka unapoishia, na umsalimu unayemkuta. Ikiwa waweza kumtazama usoni bila ya haya, basi nyumba yako ni safi.